Mwongozo kamili: kuiwekea monita ya Commodore 64 brekipointi na hatua moja moja

Watu wanakwama sehemu ile ile kila mara. Mtu ana monita yake ya lugha ya mashine (programu ya kutazama na kubadilisha memori) kwenye Commodore 64, inasoma memori vizuri, inaandika vizuri, ila akianza kuiwekea brekipointi (mahali programu inaposimamishwa ili uikague) mambo yanaharibika: anwani inayotokea imezidi kwa mbili, au kibodi inakufa, au programu inasimama mara moja halafu haisogei tena hata ukibonyeza G (amri ya kuendelea) mpaka kesho. Hapa tunajenga tangu mwanzo, na kila hatua nasema kwa nini tunafanya hivyo maana ukinakili kodi tu bila kujua sababu utakwama tena mbele.

Shika kanuni moja kabla hujaandika chochote: programu inayokaguliwa isijue kama ilisimamishwa. Rejista zote za prosesa, flagi zote (biti za hali yake), kila baiti ya memori, virudi vilivyokuwa. Karibu kila tatizo huko chini ni mtu kavunja hiyo kanuni bila kujua.

## Vitu vya kuwa navyo

- C64 yenyewe au emuleta. VICE inatosha kabisa, na ina monita yake ya ndani ambayo utaitumia kuhakiki majibu ya monita yako.
- Asembla, ACME au 64tass zote poa.
- Monita yako, ukiwa unajua anwani ya kitanzi chake cha kupokea amri. Hapa nakiita MKUU.
- Nafasi ya $C000 hadi $CFFF (alama ya $ maana yake namba ni ya heksadesimali). Hiyo ni RAM ya kilobaiti 4 isiyofunikwa na ROM. Kama monita yako yenyewe inakaa hapo, ihamishe moja kati ya hizo mbili.

Data zetu zinakaa hivi:

```
PCH    = $CF00
PCL    = $CF01
RA     = $CF02
RX     = $CF03
RY     = $CF04
RP     = $CF05
RS     = $CF06
CHINI  = $CF10   ; nafasi 6, baiti ya chini ya anwani
JUU    = $CF16   ; nafasi 6, baiti ya juu, 0 = tupu
ASILI  = $CF1C   ; nafasi 6, baiti iliyokuwepo
MWANZO = $CF22
ENDA   = $CF23
```

Lebo usiziite BPL au BPH kwa kifupi cha brekipointi, asembla itadhani BPL ni amri na utapata makosa ya ajabu ajabu.

## Hatua ya 1: nasa BRK

BRK ni amri ya kusimamisha, opkodi (namba ya amri) yake ni $00. Prosesa ikikutana nayo inasukuma anwani na flagi kwenye steki halafu inapita vekta (anwani ya kurukia) ya $FFFE, ambako KERNAL (mfumo ulio kwenye ROM ya C64) inasukuma A, X na Y, inaangalia flagi ya B, na ikiona ni BRK inaruka kupitia $0316. Hapo ndo tunaingia sisi.

```
*= $C000
        JMP ANZA
        JMP REJEA

ANZA    LDA #0
        LDX #5
A1      STA JUU,X
        DEX
        BPL A1
        STA ENDA
        LDA #6
        STA MWANZO
REJEA   JSR NGOA
        LDA #0
        STA ENDA
        LDA #<KAMATA
        STA $0316
        LDA #>KAMATA
        STA $0317
        RTS
```

SEI haihitajiki hapa kwa sababu intarapti za kawaida zinapita $0314, hazigusi $0316.

Mara ya kwanza unaita SYS 49152 kutoka BASIC (49152 ni $C000). Baada ya hapo ukibonyeza RUN/STOP pamoja na RESTORE, KERNAL inarudisha vekta zote kuanzia $0314 kwenye hali yake ya kiwandani, yaani mtego wako umeshatolewa, kwa hiyo unaita SYS 49155. Hiyo inang'oa brekipointi zilizobaki ndani ya programu halafu inaweka mtego upya. Watu wengi wanalalamika "jana ilifanya kazi" na sababu ni hii tu.

## Hatua ya 2: hifadhi hali ya prosesa

```
KAMATA  CLD
        PLA
        STA RY
        PLA
        STA RX
        PLA
        STA RA
        PLA
        STA RP
        PLA
        SEC
        SBC #2
        STA PCL
        PLA
        SBC #0
        STA PCH
        TSX
        STX RS
        JSR NGOA
        LDA #0
        STA JUU+4
        STA JUU+5
        LDA ENDA
        BEQ K1
        DEC ENDA
        LDA #0
        STA MWANZO
        JSR PANDA
        JMP ENDELEA
K1      CLI
        JSR ONYESHA
        JMP MKUU
```

Mstari wa kwanza usiufute. 6510, prosesa ya C64, haizimi flagi ya desimali intarapti inapoingia, kwa hiyo kama programu ilikuwa inafanya hesabu za BCD (za desimali), ile SBC #2 itatoa kwa desimali na anwani itakuwa ya uongo. Kosa hili linajificha sana maana linatokea kwa programu chache tu.

Kwa nini tunatoa 2? BRK inasukuma anwani yake yenyewe jumlisha 2, sio anwani yake. Ndo maana anwani inazidi. PLA na STA hazigusi keri (flagi ya kubeba na kukopa), kwa hiyo kukopa kwenye SBC #0 kunafanya kazi bila shida.

TSX lazima ije baada ya kutoa baiti zote sita, ndipo S (kielekezi cha steki) inakuwa ile ile iliyokuwa kabla ya BRK.

Na CLI: BRK inawasha flagi ya I, na KERNAL inasoma kibodi ndani ya intarapti ya kama mara 60 kwa sekunde. Bila CLI hakuna anayesoma kibodi, GETIN (rutini ya KERNAL ya kusoma kibonye) inarudisha sifuri milele na utadhani mashine imeganda kumbe inakusubiri ubonyeze kitu ambacho haiwezi kukisikia. Flagi ya I ya programu haipotei, imo kwenye RP.

## Hatua ya 3: onyesha rejista

```
ONYESHA LDA #$0D
        JSR $FFD2
        LDX #0
O1      LDA PCH,X
        JSR HEX
        CPX #0
        BEQ O2
        LDA #$20
        JSR $FFD2
O2      INX
        CPX #7
        BNE O1
        RTS

HEX     PHA
        LSR
        LSR
        LSR
        LSR
        JSR TARAK
        PLA
        AND #$0F
TARAK   CMP #$0A
        BCC T1
        ADC #6
T1      ADC #$30
        JMP $FFD2
```

ADC #6 inaongeza 7 kwa sababu keri imewashwa na CMP, usiibadilishe kuwa 7.

Kabla hujaenda mbele, hakiki. PANDA na ENDELEA bado hujaziandika, kwa hiyo kwa muda ziwekee RTS tupu, na NGOA hivyo hivyo. Ingiza baiti hizi kuanzia $C500:

```
A9 11 A2 22 A0 33 38 00
```

Halafu SYS 50432. Ukifaulu unaona C507 11 22 33, kisha flagi (kwa kawaida 31), kisha S ambayo inategemea ulikotoka. Ukiona C509 hujatoa 2. Ukiona 33 22 11 umegeuza mpangilio wa PLA. Ukiona READY na skrini imefutwa, vekta haikuwekwa, rudi hatua ya 1. Usiendelee mpaka hii iwe sawa kabisa.

## Hatua ya 4: kurudi kwenye programu

```
ENDELEA LDX RS
        TXS
        LDA PCH
        PHA
        LDA PCL
        PHA
        LDA RP
        PHA
        LDA RA
        LDX RX
        LDY RY
        RTI
```

Ni RTI, sio RTS wala JMP. RTI inarudisha flagi na anwani kwa pamoja na haiongezi 1 kama RTS inavyofanya. Ukirudisha flagi kwanza halafu ukapakia A, LDA inaharibu N na Z, na BEQ ya programu inaenda njia isiyo yake. Hapo unaweza kukaa usiku mzima unatafuta kosa kwenye programu ambayo haina kosa.

## Hatua ya 5: kupanda na kung'oa

Brekipointi ni kubadilisha baiti ya kwanza ya amri kuwa $00 na kuhifadhi ya asili. Wanaoteseka ni wale wanaoipanda pale pale mtumiaji anapoandika amri ya B (ya kuweka brekipointi). Ukifanya hivyo, ukitazama memori unaona 00 badala ya kodi halisi, na ukiweka B mara mbili anwani ile ile unahifadhi 00 kama asili, kodi ya kweli imepotea.

Njia salama: amri ya B inaandika anwani tu kwenye jedwali. Kupanda kunafanyika sekunde ya mwisho kabla ya kutoka monita, kung'oa kunafanyika mara tu unapoingia.

```
LENGA   LDA CHINI,X
        STA SOMA+1
        STA ANDIKA+1
        LDA JUU,X
        STA SOMA+2
        STA ANDIKA+2
        RTS
SOMA    LDA $FFFF
        RTS
ANDIKA  STA $FFFF
        RTS

PANDA   LDX MWANZO
P1      JSR LENGA
        BEQ P2
        JSR SOMA
        STA ASILI,X
        LDA #0
        JSR ANDIKA
P2      INX
        CPX #6
        BNE P1
        RTS

NGOA    LDX #6
N1      CPX MWANZO
        BEQ N3
        DEX
        JSR LENGA
        BEQ N1
        LDA ASILI,X
        JSR ANDIKA
        JMP N1
N3      LDX #6
        STX MWANZO
        RTS
```

Kodi inajirekebisha yenyewe makusudi, ili tusiguse ukurasa wa sifuri. Kutumia $FB na $FC ni rahisi zaidi ila programu nyingi nazo zinazitumia, na kanuni yetu unaijua.

Angalia mpangilio: tunapanda kutoka chini kwenda juu, tunang'oa kutoka juu kurudi chini. Kwa hiyo hata nafasi mbili zikiwa na anwani moja, baiti ya kweli ndo inayorudishwa mwisho. MWANZO ikiwa 6 maana yake hakuna kilichopandwa na NGOA haigusi kitu, la sivyo ingemwaga takataka kwenye memori kila programu inapokutana na BRK yake yenyewe. Nafasi 0 hadi 3 ni za mtumiaji, 4 na 5 tunaziacha kwa hatua inayofuata.

Onyo: kataa anwani za $A000 hadi $BFFF na $D000 hadi $FFFF. Ukiandika kwenye ROM, baiti inaingia RAM iliyo chini yake, yaani brekipointi haifanyi kazi na data ya watu imeharibika. $D000 hadi $DFFF ni hatari zaidi, hapo unaandika sifuri kwenye rejista za VIC, SID na CIA (chipu za picha, sauti na I/O). Kodi ya ukaguzi mwenyewe andika, ni CMP tatu za baiti ya juu. Kataa pia ukurasa wa sifuri, kwa sababu JUU ikiwa 0 sisi tunasoma nafasi ni tupu.

Onyo la pili: brekipointi lazima ikae kwenye baiti ya kwanza ya amri. Ukiipanda katikati, LDA #$11 inakuwa LDA #$00 na hakuna kinachosimama.

## Hatua ya 6: hatua moja moja

Hapa ndo penye kazi. Wazo lenyewe ni jepesi: tafuta amri itakayofuata iko wapi, panda BRK hapo kwenye nafasi ya 4, weka MWANZO iwe 4, ita PANDA, nenda ENDELEA. Shida ni kujua inayofuata iko wapi.

Watu wanaandika jedwali la baiti 256 la urefu wa amri. Hakuna haja. Opkodi za 6502 zina mpangilio, nusu ya chini ya baiti inakwambia karibu kila kitu:

```
UREFU   LDA OPKODI
        CMP #$20
        BEQ TATU
        AND #$0F
        TAX
        LDY MEZA,X
        AND #$0D
        CMP #$09
        BNE TAYARI
        LDA OPKODI
        AND #$10
        BEQ TAYARI
TATU    LDY #3
TAYARI  RTS

MEZA    !byte 2,2,2,2,2,2,2,2
        !byte 1,2,1,2,3,3,3,3
```

(!byte ni ya ACME, 64tass inaandika .byte. OPKODI, FUATAL, FUATAH, RUKO, LENGOL na LENGOH zipe nafasi kuanzia $CF24.) Urefu unatoka kwenye Y. Zinazoishia na 9 au B zina baiti 2 kama nusu ya juu ni shufwa, 3 kama ni witiri, na JSR ni ya kipekee. Jedwali hili linapatia hata opkodi zisizo rasmi.

Jumlisha Y kwenye PC, weka jibu FUATAL na FUATAH. Kwa amri nyingi umemaliza. Zinazobaki:

Matawi. Opkodi AND #$1F ikitoa #$10 ni tawi. Usijisumbue kukisia flagi zitalipeleka wapi, panda sehemu zote mbili, nafasi ya 4 kwa FUATA na ya 5 kwa lengo:

```
        LDX #0
        LDA RUKO   ; baiti ya pili ya amri
        BPL MBELE
        DEX
MBELE   CLC
        ADC FUATAL
        STA LENGOL
        TXA
        ADC FUATAH
        STA LENGOH
```

Ile DEX ndo inayobeba alama ya hasi kwenda baiti ya juu. Bila hiyo matawi ya kurudi nyuma yanakupeleka ukurasa mwingine kabisa.

JMP $4C. Baiti mbili zinazofuata ndo anwani.

JMP $6C. Soma anwani kutoka kwenye kielekezi. Kama baiti ya chini ya kielekezi ni $FF, baiti ya juu ya lengo inasomwa mwanzo wa ukurasa ule ule, sio ukurasa unaofuata. Prosesa yenyewe ina kasoro hiyo, na wewe lazima uiige.

RTS $60. Soma $0101 na $0102 ukiongeza RS, kisha jumlisha 1. RTI $40. Soma $0102 na $0103 ukiongeza RS, bila kujumlisha kitu, maana $0101 pale ni flagi.

JSR $20. Ukiiacha kama amri ya baiti 3, hatua inapita juu ya sabrutini nzima. Kwa amri ya S (hatua moja) naona hiyo ndo tabia nzuri, maana JSR $FFD2 huwezi kuingia ndani, ni ROM. Angalizo: sabrutini zinazosoma data iliyoandikwa mara tu baada ya JSR zitaisoma BRK yako kama data, na zikiiruka data hiyo hazitasimama.

BRK $00. Kataa kupiga hatua, mwambie mtumiaji abadilishe PC mwenyewe.

Kama lengo limeangukia ROM au I/O, kataa pia.

## Hatua ya 7: G inayopita juu ya brekipointi

Umesimama kwenye brekipointi, unabonyeza G, monita inapanda tena BRK pale pale, programu inasimama pale pale. Ndo lile tatizo la kutosogea. Dawa ni G ipige hatua moja ya siri kwanza bila brekipointi za mtumiaji, halafu ndo ipande zote na kuachia.

Kodi ya kupokea tayari imo ndani ya KAMATA. G inafanya hivi: ENDA iwe 1, piga hatua kama S. BRK ya muda ikinasa, KAMATA inaona ENDA, inapanda zote kuanzia 0 na kuondoka bila kuonyesha chochote. Kama hatua ya siri imeangukia kwenye brekipointi nyingine, itanaswa palepale na utaiona, kama inavyotakiwa.

Kuna mtego mmoja. Hatua ya siri ikiwa juu ya JSR, sabrutini nzima inapita bila brekipointi zako. Kwa hiyo kwa G peke yake, kama opkodi ni $20 na lengo liko RAM, panda nafasi ya 4 kwenye lengo lenyewe badala ya FUATA. Kama lengo ni ROM acha FUATA.

Na kama amri inayofuata haiwezi kupandwa, mfano RTS inayorudi BASIC, rudisha ENDA iwe 0, weka MWANZO 0, panda zote na ondoka moja kwa moja. Hii ina maana brekipointi juu ya RTS ya namna hiyo haivukiki, iweke kwenye amri iliyotangulia.

Jaribio. Ingiza kuanzia $C520:

```
A2 05 CA D0 FD 00
```

Hiyo ni LDX #5, DEX, BNE kurudi kwenye DEX, BRK. Weka brekipointi $C522, PC iwe $C520, halafu G. Ukifaulu, unasimama C522 X ikiwa 05, kila G inashuka 04, 03, 02, 01, na G inayofuata inakupeleka C525 X ikiwa 00. Sasa futa brekipointi, rudisha PC $C520, piga S: C522, C523, C522, C523, mpaka C525. Tazama memori ya $C522 ukiwa ndani ya monita, lazima usome CA. Ukisoma 00, NGOA haiitwi.

## Bado inagoma?

Inasimama vizuri ila ukirudi programu inaruka hovyo: linganisha rejista S kila unaposimama kwenye anwani ile ile ya kitanzi. Ikishuka kila mara, kuna PLA umeisahau au TXS haipo.

Inafanya kazi kwa programu zako ndogo ila kwa gemu inaganda: gemu nyingi zinazima KERNAL kupitia anwani $01, na hapo vekta ya $FFFE inasomwa kutoka RAM, $0316 haiulizwi tena. Utahitaji kuweka kwenye $FFFE ya RAM kipande kinachosukuma A, X, Y na kuangalia flagi ya B kama KERNAL inavyofanya, kihifadhi na thamani ya $01, kirudishe $37 wakati uko ndani ya monita na kuirejesha ya gemu kabla ya RTI.

Programu uliyoihifadhi kwenye diski inasimama yenyewe hata bila monita: uliihifadhi brekipointi zikiwa zimepandwa, labda baada ya RUN/STOP na RESTORE. Piga SYS 49155 kabla ya SAVE, kila mara.